Fremu mjini, begi mgongoni, au vyote viwili kwa msimu?

Mwaka wa kwanza wa ofisi yetu, wateja ndio waliotufuata. Tulikuwa na fremu Mtwara mjini, si mbali na stendi: meza nne, feni moja, kibao cha bluu juu ya mlango. Kazi yetu ni kutunza hesabu za watu: maduka, wasafirishaji, mafundi, na vile vyama vya msingi vya ushirika ambavyo huku kila mtu anaviita AMCOS. Katibu wa chama alikuwa anajaza makaratasi kwenye mfuko mtupu wa salfa, anaukunja mdomo, anapanda basi alfajiri kutoka Tandahimba, anafika kwetu jua limeshakuwa kali, kisha anakaa kwenye benchi hadi zamu yake ifike. Akikuta kuna karatasi moja ameiacha ghalani, safari imekufa. Arudi, aitafute, aje tena wiki ijayo.

Msimu mmoja wa korosho tukambebesha karani wetu kompyuta, akaenda yeye hadi ghalani kwa chama. Siku ya pili nilimfuata nione anavyoendelea. Nilimkuta amekaa juu ya magunia mawili, kompyuta ipo juu ya kreti la soda, mbele yake mzani. Kila gunia likipita, analinganisha uzito unaosomeka na ule ulioandikwa kwenye daftari la chama. Vumbi lilikuwa limeweka utando kwenye kioo cha kompyuta na alikuwa analifuta kwa pindo la khanga. Kosa la kilo sita lilionekana palepale, mwenye gunia akiwa bado amesimama. Mjini kosa kama hilo lingetufikia baada ya mwezi, halafu tungepigiana simu wiki nzima bila mtu kukumbuka gunia lilikuwa la nani.

"Shikamoo, mzee," nilimsalimia mwenyekiti.

"Marahaba, mwanangu. Kumbe na nyinyi mnajua kupiga hodi?" Akacheka. "Mwaka jana katibu wangu alikuwa halali kwa ajili ya lile benchi lenu."

Tangu siku ile, kila mwenzangu mwenye biashara akiniuliza alipie fremu au awaache watu wake wafanye kazi popote walipo, namrudishia swali. Kwako wewe, nani anamfuata nani? Na anamfuata mwezi gani?

Njia tatu

Njia ya kwanza naiita fremu. Una chumba cha biashara, watu wanaingia saa mbili asubuhi, wanasaini daftari, wanatoka jioni. Mteja anajua akutafute wapi.

Ya pili ni begi. Chumba hakipo, au kipo cha kuwekea makabati tu. Watu wanafanya kazi nyumbani, kwa mteja, kwenye gesti, hata garini. Silaha yao ni kompyuta, simu janja, bando na pawabenki. Wala tusijidanganye kwamba kazi ya kutembea imeletwa na intaneti. Wamachinga ni watu wa Lindi hapa jirani, na leo kila mchuuzi nchini anayemfuata mteja alipo anaitwa kwa jina lao. Kilichobadilika ni kwamba sasa hata mhasibu anaweza kuwa machinga.

Ya tatu ni msimu: fremu ndogo inabaki wazi mwaka mzima, na miezi fulani watu wengi wanatoka. Huku Kusini msimu unaonekana hata kwenye droo ya mwenye duka. Minada ya korosho inaanza Oktoba. Ufuta unakuja kati ya Mei na Julai, mbaazi zinafuata nyuma yake. Mwenye duka la mabati Nachingwea hauzi korosho, lakini wiki ambayo malipo ya mnada yameingia benki anaijua kuliko tarehe yake ya kuzaliwa. Fundi wa sola Newala hali kadhalika. Biashara ambayo inapanga watu wake sawasawa kuanzia Januari hadi Desemba kwenye mikoa hii miwili, Mtwara na Lindi, inalipa watu kupiga miayo mwezi wa tatu na kuwachosha kupita kiasi mwezi wa kumi na moja.

Pesa, kwa namba za mfano

Nilikuwa naamini kabisa kwamba begi ni rahisi kuliko fremu. Siku niliyokaa na kikokotoo, imani ikaisha.

Chukua fremu ya shilingi laki tatu kwa mwezi. Hiyo ni namba ya mfano, bei za mtaa wako unazijua mwenyewe. Mwenye nyumba anataka miezi sita mkononi, au mwaka. Kisheria mpangaji mwenye biashara anakata kodi ya zuio ya asilimia 10 kwenye pango na kuipeleka Mamlaka ya Mapato Tanzania, TRA. Mtaani mambo huenda vingine: unaambiwa "mimi nataka laki tatu yangu kamili," na kodi inahamia kwako. Ili yeye apate milioni 3 na laki 6 safi kwa mwaka, wewe utatoa milioni 4. Wengi hawaioni hiyo laki nne hadi siku wanapokaguliwa.

Sasa begi. Karani mmoja akiwa nje siku 10 kwa mwezi, na kila siku nauli, gesti na chakula vikala 45,000, hiyo ni 450,000 kwa mwezi. Kwa mwaka ni milioni 5 na laki 4. Umekimbia pango, ukaangukia posho.

Ya tatu: fremu ndogo ya 150,000, ambayo kwa mtindo uleule wa kodi ya zuio ni milioni 2 kwa mwaka, pamoja na miezi mitatu tu ya karani kutoka.

| | Fremu | Begi mwaka mzima | Fremu ndogo na msimu |
|---|---|---|---|
| Pango na kodi ya zuio | 4,000,000 | 0 | 2,000,000 |
| Nauli, gesti, chakula | 0 | 5,400,000 | 1,350,000 |
| Jumla | 4,000,000 | 5,400,000 | 3,350,000 |

Hesabu hii inapinduka kwa jambo moja: karani anaishi wapi. Mtwara hadi Masasi ni kama kilomita 200. Ukiwa na wateja Masasi na Nanyumbu, kumtuma mtu kutoka mjini kila mara ni kulisha mabasi na gesti. Ukimwajiri mtu anayeishi Masasi, akafanyia kazi nyumbani kwake na kuja mjini mara moja kwa mwezi, ule mstari wa pili wa jedwali unabaki nauli ya safari moja. Faida nono ya kuachana na fremu naiona hapa. Unaacha kutafuta wafanyakazi ndani ya mji mmoja tu. Mhasibu mzuri aliyejenga Masasi, mke anafundisha pale, watoto wanasoma pale, hatahamia Mtwara kwa mshahara wa ofisi ndogo. Ukimwambia abaki alipo, anakuwa wako.

Kuna gharama nyingine ambayo hata jedwali langu halina, kwa kuwa haitoki mfukoni mwako. Ni nauli ya mteja na siku yake aliyoipoteza kwenye benchi. Yeye anaikumbuka. Mwaka tuliomfuata ghalani, vyama viwili jirani vilikuja kwetu bila tangazo lolote. Katibu aliwasimulia wenzake.

Saa za kazi, na sheria inavyosema

Watu wakisikia kazi isiyofungwa na ofisi, wanafikiria mahali. Kwangu mimi mahali ni nusu tu ya habari. Saa ndiyo nusu tamu, na hapo waajiri wengi hawajafungua sheria waone imewaachia nafasi kiasi gani.

Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 inaweka ukomo wa saa 45 kwa wiki, saa 9 kwa siku, siku 6. Saa ya ziada inalipwa mara moja na nusu, na zisizidi 50 katika mzunguko wa wiki nne. Haya yanajulikana. Kinachosahaulika ni kwamba sheria hiyohiyo inakubali wiki iliyobanwa: mkiandikiana, mfanyakazi anaweza kufanya hadi saa 12 kwa siku, mapumziko ya chakula yakiwa humohumo, bila malipo ya ziada, mradi asizidi siku 5 na saa 45 kwa wiki.

Weka hilo kwenye msimu wa korosho. Karani anakwenda Newala Jumatatu, anafanya siku nne za saa 12, kila siku ana saa moja ya kula. Hizo ni saa 44 za kazi. Alhamisi jioni amemaliza wiki yake, Ijumaa yuko kwake. Wewe umelipia gesti usiku tatu, ukilinganisha na tano za mtu wa saa 8 kwa siku, ambaye saa hizohizo 44 zinamfikisha Jumamosi. Mteja naye amepata karani kuanzia mzani unapofunguliwa hadi unapofungwa. Akija saa tatu na kuondoka saa kumi, magunia ya alfajiri na ya jioni yatapita bila jicho lake.

Msije mkafanya hivi kwa maneno ya mdomo. Iandikeni, msaini wote wawili. Na iheshimuni ile sehemu nyingine: mfanyakazi ana haki ya saa 12 mfululizo za kupumzika kati ya siku na siku, na angalau saa 24 kwa wiki. Kwa mtu wa begi, hii ndiyo inayovunjwa kila siku. Simu ya bosi saa tatu usiku, "naomba tu unitumie lile faili," halafu nyingine saa kumi na moja alfajiri. Fremu ina mlango unaofungwa. Begi halina, na bosi ambaye hajajiwekea kufuli mwenyewe atakausha watu wake ndani ya msimu mmoja. Sisi tuliweka kanuni: baada ya saa moja usiku ujumbe unaandikwa lakini hautarajiwi kujibiwa. Mimi ndiye niliyeivunja mara nyingi zaidi, mpaka karani mmoja akanijibu asubuhi kwa picha ya ukurasa wa mkataba aliousaini.

Kuna watu wanaotaja Uingereza, kwamba tangu tarehe 6 Aprili 2024 mfanyakazi kule anaweza kuomba saa au mahali tofauti pa kazi kuanzia siku yake ya kwanza ya ajira. Ni kweli, lakini haki hiyo ni ya kuomba. Mwajiri anaweza kukataa kwa sababu za kibiashara, ila ajibu ndani ya miezi miwili. Kwetu jambo hili mnalimaliza kwenye mkataba. Kwa ofisi ya watu sita sioni kasoro, mnakaa mezani na kuyamaliza asubuhi moja.

Watu

Mfano unaonukuliwa sana unatoka China. Nicholas Bloom wa Chuo Kikuu cha Stanford na wenzake walifuatilia wafanyakazi wa kupokea simu wa kampuni ya safari iitwayo Ctrip, mjini Shanghai. Kati ya waliojitolea kufanyia kazi nyumbani, waliochaguliwa kwa bahati nasibu walifanya hivyo kwa miezi tisa, siku nne kwa wiki nyumbani na moja ofisini. Utendaji wao ulipanda kwa asilimia 13, na walioacha kazi walipungua kwa nusu. Namba hiyo imezunguka dunia nzima tangu utafiti ulipochapishwa mwaka 2015.

Mimi nilivutiwa na yasiyonukuliwa. Kwanza, ili uruhusiwe ilibidi uwe na chumba chako cha kufanyia kazi na intaneti ya uhakika, na uwe umeshakaa kwenye kampuni angalau miezi sita. Pili, kampuni ilipowaruhusu kuchagua upya, zaidi ya nusu ya waliohusika walibadili upande. Baada ya kila mtu kukaa panapomfaa, faida ikapanda hadi asilimia 22. Kwangu hilo ni fundisho kubwa kuliko ile 13: acha watu wachague, na wachague tena baada ya kujaribu.

Pima masharti yale na nyumba zetu. Chumba chako peke yako? Kwenye nyumba ya vyumba vitatu yenye watu wanane? Halafu kuna lile ambalo utafiti wa Shanghai haukulazimika kuliuliza. Kwetu mtu akionekana nyumbani saa nne asubuhi, amevaa msuli au dera, amekaa na kompyuta barazani, mtaa mzima unajua hana kazi. Karani wetu mmoja alianza kufanyia kazi kwao Mikindani. Wiki ya kwanza alitumwa sokoni mara tatu. Shangazi yake alimletea watoto wawili awaangalie "kwa kuwa upo tu." Jirani alikuja kumpa pole ya kuachishwa kazi. Wiki ya pili akaomba arudi kwenye fremu, na nilimwelewa. Kwa mwanamke jambo hili lina uzito wa ziada, maana kazi ya ofisi haiondoi kazi ya nyumba. Inawekwa juu yake.

Na bado, kwa mwanamke yuleyule, kipindi kingine, begi linaokoa ajira. Sheria inampa mama likizo ya uzazi ya siku 84, na akirudi anaruhusiwa hadi saa mbili kwa siku ndani ya muda wa kazi kumnyonyesha mtoto. Kwenye fremu hizo saa mbili zinaliwa na bajaji ya kwenda na kurudi. Tulimpa mwenzetu mmoja utaratibu wa asubuhi ofisini, mchana nyumbani, kwa miezi minne. Tulibaki na mtu anayejua mafaili ya wateja kumi na tatu kwa kichwa. Kumfundisha mwingine kungetugharimu msimu mzima.

Utafiti wa pili wa kundi hilohilo la watafiti, uliotoka mwaka 2024, unafanana na nilichokiona. Kampuni ileile, sasa ikiitwa Trip.com, wafanyakazi 1,612, siku mbili kwa wiki nyumbani. Utendaji haukushuka wala kupanda, lakini walioacha kazi walipungua kwa theluthi moja. Kwa hiyo ukiona mtu anakuuzia utaratibu huu kwa ahadi ya watu kufanya kazi maradufu, mpunguzie bei. Kinachopatikana kwa uhakika ni watu kubaki.

Mgeni wa kazi simpi begi. Karani mpya hujifunza kwa kusikia jinsi mkubwa wake anavyomjibu mteja aliyekuja juu, jinsi anavyoshika risiti iliyofifia kuelekea dirishani asome tarehe. Hayo hayatumwi kwa WhatsApp. Mwaka wa kwanza akae kwenye fremu, ubavuni mwa mtu.

Mei 2024

Njia hizi zote zilipimwa ndani ya wiki mbili, na hakuna mwalimu aliyewahi kutunga mtihani mkali namna ile. Mwanzoni mwa Mei 2024 kimbunga Hidaya kilileta mvua ambayo ilikata barabara ya Dar es Salaam upande wa Kilwa. Mabasi yakasimama, mizigo ikasimama. Waliokuwa na vitabu vyao kwenye ofisi moja, huku msimamizi wao amekwama ng'ambo ya maji, walisubiri. Sisi wa begi tukajiona wajanja: kila kitu kiko mtandaoni, barabara tunaitaka ya nini?

Jumapili ya tarehe 12 mwezi uleule nyaya za baharini za EASSy na Seacom zikapata hitilafu na intaneti ya nchi ikayumba. Ujanja ukaisha. Mafaili yetu yalikuwepo, salama kabisa, mahali tusipoweza kuyafikia. Aliyeendelea na kazi siku ile ni karani mmoja wa zamani ambaye tulikuwa tunamtania kwa kuhifadhi nakala ya kila kitu kwenye diski ndogo anayoining'iniza kwenye funguo. Malipo kwa simu hatukuyakosa, maana ya kubonyeza nyota na reli hayahitaji bando.

Tangu hapo hatuna mjadala: kila faili lina nakala mtandaoni na nakala mkononi, na kila Ijumaa zinalinganishwa. Kila mtu wa begi ana laini mbili za mitandao tofauti. Kuna ghala moja ambako mtandao mmoja unashika vizuri ukisimama chini ya mwembe wa kushoto na mwingine haushiki kokote ila kwenye kichuguu nyuma ya choo. Ukienda na laini moja, unabahatisha.

Siri za mteja na mwili wa mfanyakazi

Simu ikidondoka kwenye bodaboda ikiwa na majina ya wakulima, namba zao za simu na za akaunti, huo msala haukomei kwenye bei ya simu. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022 ilianza kutumika Mei 2023, na anayekusanya taarifa za watu ana wajibu wa kuzilinda, ziwe kabatini au mfukoni mwa karani. Nenosiri kwenye kila kifaa. Simu ya kazi isichezewe na watoto. Usitume orodha ya wanachama kwenye kundi la WhatsApp lenye watu arobaini. Fremu ina kabati na kufuli. Kwa upande huu inashinda waziwazi.

Ajali nayo ihesabiwe. Mtu wa fremu anavuka barabara mara mbili kwa siku. Mtu wa begi yuko juu ya pikipiki msimu mzima. Mchango wa Mfuko wa Fidia kwa Wafanyakazi, WCF, ni asilimia 0.5 ya mishahara na unalipwa na mwajiri. Kuna wenzangu wanaukwepa kwa kuwaita watu wao vibarua. Yule kijana akivunjika mguu akielekea kwa mteja wako, utautafuta huo mfuko kwa tochi.

Jambo la leseni lisikupite: leseni ya biashara inataja mahali biashara inapofanyika, kwa hiyo "ofisi yangu ni begi" haliwi jibu mbele ya afisa biashara. Na anayepokea malipo nje ya ofisi awe na namna ya kutoa risiti ya EFD, ile mashine ya risiti za kodi, palepale.

Nani achague nini

Duka la rejareja, mgahawa, famasi, saluni: fremu, bila kupoteza muda. Mteja anakufuata wewe. Unachoweza kulegeza ni zamu. Mgahawa wa karibu na bandari ambao unapata watu alfajiri na jioni hauna haja ya wapishi wote saa nane mchana.

Kiwanda cha kubangua korosho nacho hakiwezi kubebwa, ila watu wa manunuzi na mauzo wanaweza kutoka. Mnada sasa unaendeshwa kwenye mfumo wa kielektroniki wa TMX, Soko la Bidhaa Tanzania, na mnunuzi si lazima awe amesimama uwanjani ili aweke bei.

Fundi sola, fundi pampu, anayekagua magari, wakala wa pembejeo: begi. Ukiwa na fremu kubwa unalipia mahali ambapo mafundi wako hawatakiwi kuwepo. Chumba cha stoo na namba moja ya simu inayopokelewa kila siku vinatosha. Nasisitiza kupokelewa. Mteja asiyekuona ofisini na asiyepokelewa simu anaanza kukuita tapeli, na habari hiyo inafika Lindi kabla ya basi.

Wakala wa forodha yuko katikati: makaratasi yanafanyika popote penye mtandao, lakini meli ikiwa gatini mtu wako awe pale.

Wahasibu, wabunifu wa matangazo, wanaotafsiri, wanaosimamia mikopo ya vikundi: msimu. Fremu ndogo ya kupokelea wateja na kufundishia wapya, na watu wanaotoka pale kazi inapowaka. Ukiwa bado huna uhakika, usivunje mkataba wa pango. Jaribu na mtu mmoja, mteja mmoja, miezi miwili, na uhesabu vitu vitatu tu: pesa iliyotoka, makosa yaliyorudi, na kama yule mtu anataka kuendelea.

Sisi mkataba wa fremu kubwa unaisha Septemba hii na hatuuendelezi. Tumepata chumba kimoja nyuma ya duka la vitabu, kina dirisha linalopokea upepo wa bahari. Kibao cha bluu kitahamia huko. Lile benchi tumemwahidi mwenyekiti wa Tandahimba. Anasema ataliweka ghalani kwake, karani wetu akija asikae tena juu ya magunia.